Ukivuka Mpaka Wewe ni Nani? Haki na Wajibu wa Mfanyabiashara na Dereva Ugenini

Maneno "sisi sote ni Wana-Afrika Mashariki" husikika sana Namanga, Busia, Mutukula na Rusumo, hasa pale afisa uhamiaji anapomwambia mfanyabiashara akae pembeni kwanza. Ni maneno mazuri ya udugu, lakini kisheria hayafungui lango. Hadi leo hakuna uraia wa Afrika Mashariki. Kuna uraia wa Tanzania, wa Kenya, wa Uganda, wa Rwanda na wa nchi nyingine wanachama, na kila mmoja wetu huvuka akiwa raia wa nchi moja na mgeni katika nchi ya pili.

Hasara nyingi zinazowapata wafanyabiashara na wasafirishaji mpakani zinaanzia kwenye kutoelewa jambo hilo. Mzigo umelipiwa, kodi imekamilika, gari lina bima, halafu safari inakwama kwa sababu ya mtu mwenyewe.

Jumuiya inatoa nini

Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika Julai 2000. Lengo la mwisho lililoandikwa humo ni shirikisho la kisiasa, na huenda siku hiyo ikifika ndipo tutazungumza habari za uraia mmoja. Tulicho nacho sasa ni Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyosainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010.

Itifaki hiyo haimpi mtu uraia wa nchi jirani. Inampa haki kadhaa kwa kuwa ni raia wa nchi mwanachama: kuingia bila viza, kutembea ndani ya nchi, kukaa kwa muda, kutoka bila kuzuiwa, kutafuta kazi na kuanzisha biashara kwa masharti. Kwa hiyo mtu ambaye ameishi Arusha au Kampala miaka ishirini lakini si raia wa nchi yoyote mwanachama, haki hizo hazimhusu. Mkimbizi naye ana utaratibu wake chini ya mikataba ya kimataifa, hata kama kijiji alikozaliwa kinaonekana ng'ambo ya mto.

Ndiyo maana swali la kwanza dirishani ni "una hati gani", na "umebeba nini" hufuata baadaye. Pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki, iliyozinduliwa Tanzania Januari 2018, ina jina la Jumuiya juu ya jalada lake, lakini aliyekupa ni serikali yako na ndiyo inayokudhamini. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana tangu mwaka 2014 raia wao wavuke kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haikuingia katika mpango huo. Kwa hiyo Mkenya aliyezoea kwenda Kampala na kitambulisho chake mfukoni asishangae akirudishwa Namanga au Sirari. Huko atatakiwa kuwa na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Mtanzania asiye na pasipoti anaweza kuomba hati ya dharura ya safari katika ofisi ya Uhamiaji, na kwa safari za karibu wengi ndiyo wanayoitumia.

Kanuni za Itifaki zinasema mgeni kutoka nchi mwanachama anaweza kuruhusiwa kukaa hadi miezi sita. Neno la kuzingatia ni "hadi". Soma ulichoandikiwa kwenye muhuri kabla hujaondoka dirishani. Afisa akikuandikia siku 30, una siku 30.

Karatasi ya mzigo si karatasi ya mtu

Hapa ndipo wafanyabiashara wadogo wanapoumia zaidi. Kuna utaratibu uliorahisishwa kwa bidhaa zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Mwenye mzigo hujaziwa cheti rahisi cha uasilia hapo hapo mpakani na bidhaa yake haitozwi ushuru wa forodha. Ni nafuu kubwa. Lakini cheti hicho kinazungumzia mahindi, maharage au vitenge vyako. Hakisemi lolote kuhusu wewe. Mama aliyepitisha magunia yake kihalali kwa forodha kisha akakatiza njia ya panya ili kukwepa foleni ya uhamiaji, mzigo wake uko halali na yeye mwenyewe yuko nchini kinyume cha sheria. Akikamatwa kilomita kumi mbele, cheti hakitamsaidia.

Kosa la namna hiyo linaweza kutokea bila mtu kukusudia. Katika vituo vya huduma kwa pamoja, kama Namanga kilichozinduliwa Desemba 2018, unagongewa kutoka na kuingia katika jengo moja, upande wa nchi unakokwenda. Waliozoea mtindo wa zamani wa kusimama mara mbili hujikuta wamepita dirisha moja tu na kudhani yamekwisha. Hakikisha mihuri ni miwili.

Kwa madereva, jambo ni lile lile na utingo wake. Gari lina leseni, bima ya kadi ya njano na nyaraka za mzigo zilizoandaliwa na wakala, lakini utingo amechukuliwa dakika ya mwisho na hana hati yoyote. Kila aliye kwenye kabini anahesabiwa peke yake. Ieleweke pia kwamba dereva ameingia kufikisha mzigo. Gari lenye namba za nchi nyingine kwa kawaida haliruhusiwi kupakia mzigo wa ndani na kuushusha ndani ya nchi hiyo hiyo, hata kama ni kuokoa gharama za kurudi tupu. Mwenye mzigo atakushawishi, lakini gari likizuiwa hutamwona.

Aidha, wanaokwenda Zambia au Malawi wajue kwamba wametoka nje ya Jumuiya kabisa. Tunduma na Nakonde wana kituo cha pamoja tangu mwaka 2019, lakini Itifaki ya Soko la Pamoja haifiki huko. Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Hata hivyo, kujiunga na kutekeleza ni mambo mawili tofauti, hivyo uliza masharti ya kuingia kabla lori halijawashwa.

Kutembelea na kufanya biashara

Muhuri wa mgeni unakuruhusu kuingia na kutembea. Unaweza kuonana na mteja, kukagua bidhaa na kujadili bei. Kufungua duka, kuajiriwa, au kukaa msimu mzima ukinunua mazao ni hatua nyingine inayohitaji vibali. Mwajiriwa anayepata mkataba wa zaidi ya siku 90 katika nchi mwanachama anatakiwa kuomba kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ufungwe. Tanzania kibali cha kazi na kibali cha ukaazi ni vitu viwili vinavyotolewa na mamlaka mbili, na kuwa na kimoja hakumaanishi una cha pili.

Kifungu cha 13 cha Itifaki kinatoa haki ya kuanzisha biashara katika nchi mwanachama. Kwenye karatasi ni haki pana. Lakini Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuzuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Miongoni mwake ni biashara ya jumla na rejareja isipokuwa maduka makubwa, uwakala wa kutuma fedha kwa simu, ukarabati wa simu, saluni, udalali, uwakala wa forodha na kununua mazao shambani. Adhabu iliyowekwa kwa mgeni ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo naye ana adhabu yake. Kenya ililalamika kwamba amri hiyo inakwenda kinyume na Itifaki. Tanzania ikasema inalinda kipato cha wananchi wake. Kila upande una hoja, na sisi hatutaamua hapa. Jambo la kukumbuka kwa mfanyabiashara ni kwamba anayekuja dukani kukagua leseni anasoma amri ya nchi yake. Hana habari na Kifungu cha 13.

Baada ya amri za namna hii watu hukimbilia kuandikisha biashara kwa jina la shemeji au rafiki. Fikiria vizuri. Kwa ardhi ni hatari zaidi. Itifaki yenyewe imeacha suala la ardhi kwa sheria za kila nchi. Tanzania asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji kupitia utaratibu maalumu, na Kenya Katiba ya 2010 inamruhusu kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Kiwanja kilichonunuliwa kwa fedha zako na kuandikwa jina la mtu mwingine ni cha mtu huyo. Mkikosana, utakwenda mahakamani kueleza kwamba mlikubaliana kuikwepa sheria, na hakimu hatakuwa na sababu ya kukusikiliza.

Haki za raia na haki za kila mtu

Ugenini hupigi kura, hugombei uongozi na huwezi kudai kuishi popote upendapo. Hizo ni haki za raia. Lakini zipo haki zinazomhusu kila mtu, na hapa madereva wengi huonewa kwa kutojua. Katiba ya Kenya inataka aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani si zaidi ya saa 24 baada ya kukamatwa, au siku ya mahakama inayofuata kama muda huo umeishia nje ya saa za kazi. Haisemi ni kwa Mkenya tu. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu huduma za kibalozi unataka mgeni aliyekamatwa aambiwe kwamba ana haki ya ubalozi wake kujulishwa. Namba ya simu ya ubalozi iandikwe kwenye karatasi na ikae ndani ya gari, kwa sababu simu ndiyo kitu cha kwanza kuchukuliwa.

Wajibu nao unamhusu kila mtu: kutii sheria, kulipa kodi, kuheshimu mali. Kuhusu kodi kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa Kenya na Tanzania, mtu anayekaa siku 183 au zaidi katika mwaka wa mapato huhesabiwa mkazi kwa ajili ya kodi. Hiyo haimpi uraia wala kibali cha ukaazi. Inampa deni.

Wajibu kwa nchi yako mwenyewe hauishi ukivuka. Februari 2019 Rwanda ilifunga lango la Gatuna kwa malori na kuwaonya raia wake wasiende Uganda. Mfanyabiashara wa Kigali mwenye wateja Kabale hakuwa na kosa lolote, ila uraia wake ulimfunga mikono hadi lango lilipofunguliwa mwishoni mwa Januari 2022. Waganda waliokuwa wakimuuzia nao walihesabu hasara.

Wenye ndugu pande zote mbili

Mpaka ulikatiza koo: Wamasai, Wakuria, Wadigo, Wasamia na wengineo. Si ajabu mtu kuwa na baba upande huu na mama upande ule, na wapo waliochukua vitambulisho viwili ili biashara iwe rahisi. Kenya inaruhusu uraia wa nchi mbili tangu Katiba ya 2010, na Uganda ilishaukubali kabla ya hapo. Tanzania haimruhusu mtu mzima. Kwa hiyo Mtanzania anayechukua uraia wa Kenya anaupoteza wa kwake, na akiendelea kutumia nyaraka za Tanzania anatenda kosa. Anayetaka uraia wa Tanzania kwa tajnisi anatakiwa awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka saba katika miaka kumi iliyotangulia. Kenya inataka miaka saba mfululizo ya ukaazi halali.

Kukosa uraia wowote ni balaa kuliko yote. Wapemba wa Kwale na Kilifi, wavuvi na wafanyabiashara ambao wazee wao walihamia pwani ya Kenya miaka mingi iliyopita, waliishi bila vitambulisho hadi Kenya ilipowatambua mwaka 2023. Bila kitambulisho hakuna akaunti ya benki, laini ya simu kwa jina lako, wala leseni ya uvuvi. Wamakonde wa Kwale walitambuliwa mapema kidogo, baada ya kuandamana hadi Nairobi mwaka 2016.

Ukizuiwa bila sababu

Aprili 2011 mwanasheria wa Kenya, Samuel Mukira Mohochi, alitua Entebbe, akazuiwa kuingia na kurudishwa kwao siku hiyo hiyo bila kuelezwa sababu. Alikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Mei 2013 mahakama iliamua kwamba Uganda ilivunja Mkataba wa Jumuiya na Itifaki. Nchi inaweza kumzuia raia wa nchi mwanachama kwa sababu za usalama, afya au maslahi ya umma, lakini haiwezi kufanya hivyo kimya kimya.

Kwa hiyo ukirudishwa, omba sababu, tena kwa maandishi. Andika tarehe, saa, dirisha na jina lililo kwenye kibandiko cha afisa, kisha onana na mwanasheria au chama chako cha wafanyabiashara mapema. Mkataba unampa mlalamikaji miezi miwili tu ya kufungua kesi Arusha, kuanzia siku ya tukio au siku alipolifahamu. Baada ya hapo mahakama haipokei.