Kisanduku chenye mtoto mmoja
Takwimu na maisha yetu: sehemu ya pili

Wiki iliyopita tuliifuata fomu ya takwimu za shule (TSM) kutoka mezani kwa mwalimu mkuu hadi TAMISEMI, tukaona watoto waliohesabiwa mwezi Machi wakigeuka kuwa majedwali ya halmashauri, ya mkoa na hatimaye ya taifa. Leo tuifuate njia hiyohiyo kinyumenyume. Mtu aliyeshika jedwali lisilo na jina hata moja, anaweza kurudi nalo hadi kwa mtoto?

Katavi inatufaa sana kwa swali hili. Mkoa huu ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na sensa ya 2022 ilihesabu humo watu 1,152,958, zaidi ya mara mbili ya 564,604 wa miaka kumi kabla. Una halmashauri tano: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Mpimbwe, Mlele na Tanganyika. Shule kubwa ya mjini Mpanda ina watoto wengi kiasi kwamba mwalimu mwenyewe huchanganya majina yao. Lakini ukiiacha barabara kuu ukaingia kwenye vitongoji vya wafugaji na wakulima wa tumbaku, unakutana na shule shikizi, ambako mama lishe wa senta anaweza kukutajia darasa zima, na wazazi wao, na ng'ombe wa wazazi wao. Takwimu za shule hizi mbili huwekwa kwenye jedwali moja na kuchapishwa kwa kanuni moja. Hapo ndipo tatizo linapoanzia.

Ipo namba moja iliyoupa mkoa huu sifa usiyoitaka. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015-16 ulikuta kwamba asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, wakati wastani wa taifa ulikuwa 27. Wapo waliochukia namba hiyo kutangazwa. Mimi naona ilistahili kutangazwa, na naona pia kwamba ilitangazwa kwa ustadi. Utafiti wa aina hiyo huuliza kaya chache zilizoteuliwa kwa bahati nasibu, hutoa matokeo kwa ngazi ya mkoa na si ya kijiji, na hata ramani zake husogezwa makusudi: eneo la mjini linahamishwa umbali wa hadi kilomita 2, la kijijini hadi kilomita 5, na machache ya kijijini hadi 10. Mkoa mzima ulisikia kishindo cha 45, lakini hakuna jirani aliyeweza kukitumia kumnyooshea kidole msichana aliyekaa mbele ya mtafiti.

Sasa tuulize swali lilelile kupitia shule. Tuseme halmashauri moja inatoa taarifa ya wasichana walioacha masomo kwa mimba katika sekondari zake tatu: ya kwanza 8, ya pili 5, ya tatu 1, jumla 14. Ofisa mwenye busara anaona ile 1, anaogopa, anaweka nyota mahali pake. Amefanya vyema, ila kazi imebaki nusu. Yeyote aliyesoma hesabu za darasa la tatu atatoa 8 na 5 kwenye 14, na 1 itarudi pale ilipokuwa. Dawa yake ni kuficha kisanduku cha pili kisicho na kosa lolote, hapa ile 5, ili nyota mbili zibebe 6 kwa pamoja na msomaji asijue ipi imebeba ngapi. Watakwimu duniani kote hufanya hivyo. Wengine hukadiria kila namba: New Zealand, kwa mfano, hukadiria hesabu zake za sensa kwa mafungu ya tatu. Uingereza iliwahi kuficha matokeo ya shule ambayo kundi lake la watahiniwa halikuzidi watano.

Mtego mwingine ni wa wakati, na huu huwaponyoka hata wenye uzoefu. Taarifa ya Juni inaonyesha visa 6 katika shule, ya Septemba inaonyesha 7. Kila moja peke yake haina ubaya. Ziweke pamoja, kisha jiulize ni nani aliyekuwa darasani Juni na hayupo Septemba. Kijijini jibu halihitaji kompyuta.

Nimeuchagua mfano wa mimba kwa sababu mwaka 2021 sheria ya mchezo ilibadilika. Kwa Waraka wa Elimu Na. 2 wa Novemba mwaka huo, msichana aliyeacha shule kwa kujifungua anaruhusiwa kurejea. Zamani jedwali lilimsema mtu aliyekwisha ondoka. Siku hizi huenda likamsubiri darasani, limebandikwa kwenye ubao ofisini kwa mwalimu au linazunguka kwenye kikundi cha WhatsApp cha kata.

Na kuna safu ambayo ningependa isichapishwe kabisa kwa ngazi ya shule. Takwimu zetu za elimu hugawa wanafunzi kwa aina ya ulemavu, na ualbino umo. Kitaifa hesabu hiyo ni ya lazima, maana bila hiyo hakuna bajeti ya miwani, kofia wala mafuta ya ngozi. Lakini jedwali la hadharani linalosema shule fulani, darasa la pili, msichana, ualbino, 1, ni anwani kamili. Katika nchi iliyoshuhudia watu wenye ualbino wakiwindwa na kuuawa, hasa kuanzia miaka ya 2006 na 2007 na hasa magharibi na kanda ya ziwa, sihitaji kueleza anwani hiyo inaweza kumfikia nani.

Tugeukie matokeo ya mitihani, ambayo kila Januari humfanya kila mzazi kuwa mtakwimu. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora. Hatua nzuri, ingawa ukurasa wa kila shule ulibaki. Matokeo ya kidato cha nne hutolewa kwa namba ya mtahiniwa, jinsi, daraja na alama za kila somo, bila jina. Namba hizo zimepangwa: wasichana hutangulia, wavulana hufuata. Mwenye orodha ya darasa kwa alfabeti hana kazi kubwa ya kukisia, na kwa shule yenye wasichana wanne hahitaji hata orodha. Juu ya ukurasa huwekwa muhtasari wa madaraja kwa jinsi. Ukisema kwamba wavulana wote 17 wa shule wamepata sifuri, kisanduku si kidogo, lakini matokeo ya kila mmoja wao yamefichuka palepale. Kwa hiyo ofisa asiogope namba ndogo tu; asilimia 100 na asilimia 0 nazo hutaja watu.

Sheria inalijua jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu historia ya elimu na namba ya utambulisho kuwa taarifa binafsi, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Sheria ya Takwimu ya 2015 nayo inakataza kuchapisha taarifa inayomfichua mtoa taarifa. Kenya wametangulia kuuma: mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, shilingi 4,550,000 za huko kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Neno moja kwa walimu wa takwimu, maana mengi huvuja kwa njia ya kawaida kabisa. Kuficha safu ya majina kwenye Excel si kuifuta. Anayepokea faili huifunua kwa kubofya mara mbili. Nakili namba peke yake kwenye faili jipya, ndipo utume.

Nyota zile za kuficha visanduku zina gharama, na wanaoilipa ni watoto walewale tunaotaka kuwalinda. Tukificha kila kisanduku chenye watoto wasiofika watano, shule shikizi ya Mlele inatoweka kwenye jedwali, na shule isiyoonekana haiombewi mwalimu. Lazima basi liwepo jedwali la pili, la ndani, lisilo na nyota, kwa ajili ya wanaogawa walimu na fedha. Nani alifungue, kwa nywila ya nani, na akihamishwa kutoka Mpanda kwenda wilaya nyingine nywila hiyo inabaki kwa nani? Hayo ni ya sehemu ya tatu.