Kabla ya kununua programu ya mikataba, tafuta nakala yako

Mpangaji wa duka au depo mjini Kalemie ambaye mkataba wake una tarehe ya mwisho anatakiwa na sheria kuomba nyongeza si chini ya miezi mitatu kabla ya tarehe hiyo, tena kwa njia inayothibitisha kwamba mwenye nyumba ameipokea barua. Akichelewa, hata awe amefanya biashara mahali hapo miaka mingi na wateja wamemzoea, haki yake ya kuongezewa muda imekwisha. Mwenye nyumba naye ana tarehe yake. Akiombwa kwa wakati kisha akakaa kimya hadi umebaki mwezi mmoja, anahesabiwa amekubali. Ndivyo isemavyo Sheria ya Pamoja kuhusu biashara, iliyopitishwa Desemba 2010 na OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara, ambayo Kongo (DRC) ni mwanachama wake tangu Septemba 2012.

Wafanyabiashara wa mwambao huu wa Ziwa Tanganyika hupoteza fedha kwa tarehe kama hizo, na hasara hiyo haionekani kwenye daftari la mauzo. Ndiyo maana wauzaji wa programu za kusimamia mikataba wanasikilizwa. Programu hizo hutunza nakala zote mahali pamoja, humkumbusha mhusika kabla ya muda kwisha, huonyesha nani amesaini na nani bado, na huhifadhi historia ya kila badiliko. Swali ambalo kampuni ya Kalemie inapaswa kujiuliza ni kama yenyewe imefika mahali ambapo chombo hicho kitaisaidia.

Tuanze na biashara yenyewe. Kalemie inaishi kwa bidhaa zinazopita. Saruji ya Kabimba inasafirishwa kwa ziwa. Unga, sukari, sabuni na mafuta huvuka kutoka Kigoma, Tanzania. Ndagala waliokaushwa huondoka kwa boti, na kwa reli ya kwenda Kabalo pale treni ya shirika la reli la SNCC inapotembea. Katika sehemu ya chini ya mnyororo huu hakuna karatasi. Mvuvi wa Zongwe na mnunuzi wake wanaelewana kwa neno, mbele ya watu wanaowajua wote wawili, na anayevunja neno hapati mzigo msimu unaofuata. Mimi sioni sababu ya kumletea mvuvi huyo programu yoyote. Jamii yake inamlinda kuliko karatasi.

Mambo hubadilika mnunuzi huyohuyo anapotaka kuuza kwa hospitali, shirika la misaada au kampuni ya ujenzi. Hapo anaombwa namba ya RCCM (daftari la usajili wa biashara), namba ya kodi, akaunti ya benki, kisha anapewa mkataba wa Kifaransa wenye kurasa nyingi. Tangu jimbo la Tanganyika lilipotengwa na Katanga mwaka 2015 na Kalemie kuwa makao makuu ya jimbo, ofisi za serikali na za mashirika ziliongezeka, na pamoja nazo mikataba ya magari, nyumba, ulinzi, mafuta na depo. Mingine ilikatika kwa mkupuo: MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani, ilifunga ofisi yake ya Kalemie Juni 2022, na kila aliyeitegemea alilazimika kutazama upya kifungu cha kusitisha mkataba kinampa notisi ya siku ngapi. Aliyekuwa na nakala mkononi alijua anadai nini.

Eneo jingine lenye hatari ni ajira. Kwa Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002, mkataba wa muda maalum hauwezi kuzidi miaka miwili, na kwa kawaida huongezwa mara moja tu. Mwajiri akimwacha mtu aendelee na kazi nje ya mipaka hiyo, mkataba unageuka kuwa wa muda usio na mwisho, pamoja na haki zote za notisi zinazoambatana nao. Kampuni yenye madereva na walinzi wengi, kila mmoja akiwa ameanza kazi mwezi wake, ina tarehe nyingi kuliko kichwa kimoja kinavyoweza kubeba.

Fedha nazo zina vifungu vyake. Bei huandikwa kwa dola, malipo mara nyingi hufanyika kwa faranga, na ni nadra mkataba useme ni kiwango cha siku gani kitatumika: cha kusaini, cha fakture au cha malipo? Kuelekea mwisho wa 2025 faranga iliimarika ghafla dhidi ya dola, na mabishano ambayo watu walikuwa wakiyamaliza kwa kicheko yakawa mazito. Kumbuka pia kwamba dai linalotokana na mauzo ya kibiashara, chini ya OHADA, hufa kwa kupitwa na wakati baada ya miaka miwili. Deni la rafiki ambalo hukulidai kwa sababu ya heshima linaweza kukosa njia ya mahakama kabla heshima hiyo haijaisha.

Sasa, nani yuko tayari? Wauzaji hupenda kutaja makadirio ya chama cha World Commerce & Contracting, kilichojulikana zamani kama IACCM, kwamba usimamizi mbaya wa mikataba hugharimu kampuni takriban asilimia 9 ya mapato ya mwaka. Makadirio hayo yanahusu hasa makampuni makubwa yenye idara za sheria na za ununuzi. Mwenye boti mbili na depo moja asipange bajeti yake kwa hesabu hiyo. Apige hesabu ya kwake: mwaka uliopita alilipa nini, au alikosa nini, kwa sababu ya tarehe iliyompita au karatasi iliyopotea?

Kipimo ninachokiamini ni rahisi. Mwenye kampuni amwambie karani amletee nakala ya mkataba wake mkubwa kuliko yote, iliyosainiwa na pande zote mbili, pamoja na viambatisho na marekebisho yake. Ikiwa nakala moja iko kwa mwanasheria Lubumbashi, nyingine ni picha kwenye WhatsApp ya meneja aliyeacha kazi, na ukurasa wa bei haujulikani ulipo, kampuni hiyo haiko tayari. Ikinunua programu leo itaingiza vurugu yake ndani ya kompyuta na kuilipia kila mwaka. Kazi yake ya kwanza ni kukusanya: kabati moja, dosye moja kwa kila mkataba, na daftari au jedwali la Excel lenye jina la mshirika, thamani, tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho, siku za notisi na jina la anayewajibika.

Hilo la anayewajibika ndilo gumu. Katika kampuni nyingi za familia hapa, papa mwenye mali husaini, mwanawe hufuatilia malipo, shemeji husimamia depo, na hakuna hata mmoja aliyekabidhiwa tarehe. Programu hutuma ukumbusho kwa mtu. Yasipokuwepo makubaliano kwamba mtu huyo ana mamlaka ya kuandika barua ya kuongeza au kukataa mkataba, ukumbusho utasomwa na kuachwa. Nimeona watu wakilaumu mashine kwa jambo ambalo baraza la familia lilipaswa kuliamua.

Idadi ya mikataba peke yake haitoshi kuamua. Mikataba thelathini ya aina moja, inayoshikwa na karani mmoja makini, inaweza kuishi vizuri katika Excel kwa miaka. Mikataba kumi na miwili inayopita kwa mhasibu Kalemie, wakala Kigoma na mwanasheria Lubumbashi, huku kila mmoja akirekebisha nakala yake, tayari imezidi uwezo wa jedwali. Hapo ndipo programu inapolipa: mikono mingi, miji mingi, matoleo mengi ya waraka mmoja, na mteja anayetaka kuona nani alikubali nini na lini. Dalili nyingine ni kwamba daftari lipo, linajazwa kila wiki, na bado haliwatoshi. Waliofika hapo wanajua wanachokitaka, na hawayumbishwi kirahisi na maonyesho ya muuzaji.

Mahali penyewe pana masharti yake. Umeme wa kituo cha Bendera hukatika, intaneti ya simu hudhoofika, na programu isiyofanya kazi bila mtandao itakuangusha siku unayoihitaji. Uliza kama inafunguka nje ya mtandao na kama ukumbusho unaweza kuja kwa ujumbe mfupi wa simu. Kuhusu saini, Kanuni ya Kidijitali ya Kongo, iliyotolewa kwa amri ya sheria ya tarehe 13 Machi 2023, inatambua hati na saini za kielektroniki. Hata hivyo ofisi nyingi bado zinataka wino na muhuri, kwa hiyo karatasi ya asili isitupwe. Na kwa kuwa mkataba umeandikwa kwa Kifaransa huku msimamizi wa bandari akifanya kazi kwa Kiswahili, kila dosye iwe na muhtasari wa Kiswahili wa wajibu wa kampuni na wajibu wa mshirika wake. Programu inayokubali kuwekewa sehemu hiyo ina faida kubwa kuliko ile yenye michoro ya kuvutia.

Kuna wanaosukumwa na mteja badala ya hesabu zao. Upande wa Tanzania, anayetaka kuiuzia serikali hupitia mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, uliochukua nafasi ya TANePS mwaka 2023, na nyaraka zake zinaishi humo apende asipende. Tangu Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kampuni za Kalemie zinazoshirikiana na wenzao wa Kigoma zinakutana na desturi hiyo. Kwa hao, kuzoea nyaraka za kidijitali mapema ni maandalizi ya soko.

Lakini yapo mambo ambayo programu haiyagusi. Ndani ya jimbo hili hili, huko Manono, lithiamu imezaa mgogoro kati ya AVZ ya Australia, Cominière ya serikali na Zijin ya China. Mwaka 2021 Cominière iliiuzia kampuni ya Zijin asilimia 15 ya hisa za Dathcom Mining, kampuni ya pamoja ya mradi huo. AVZ ikadai kwamba kwa makubaliano yao ilikuwa na haki ya kuulizwa kwanza, na shauri likafika kwenye usuluhishi wa kimataifa. Mikataba ilikuwepo, na wanasheria walikuwepo. Kilichogombaniwa ni maana ya maneno na nguvu ya walioyasaini. Mwanasheria anayesoma kifungu kabla ya saini bado ni gharama ya kwanza, na anayeiruka ili apate fedha za programu anakosea mpangilio.

Aliyekwisha kuamua kununua aanze na mikataba ya kupanga na ya ajira peke yake, kwa sababu tarehe zake zimewekwa na sheria na faida yake itaonekana mapema. Kabla ya kulipa, amtake muuzaji afanye mbele yake jambo moja: atoe mikataba yote kwenye mfumo, na tarehe zake, kwenye faili zinazofunguka katika kompyuta ya kawaida, ili siku akishindwa kulipa ada ya mwaka aondoke na mali yake.