Kabla ya Kubadilisha Chuma cha Kuongozea Mbao

Kwenye msumeno wa meza, mbao huegemezwa kwenye chuma kirefu cha kuongozea inapopasuliwa. Chuma hicho kikikaa upande, mbao huweza kubanwa dhidi ya sehemu ya nyuma ya diski na kurushwa kwa nguvu kumwelekea mtumiaji. Kwa hiyo ubora wake ni suala la usalama, si la unadhifu wa kazi pekee.

Tunawashauri wenye karakana za nyumbani wapime kabla ya kulipa. Chomoa mashine kwenye umeme. Tia alama jino moja la diski, kisha pima nafasi kati ya jino hilo na chuma likiwa mbele. Zungusha diski kwa mkono hadi jino lilelile lifike nyuma, upime tena. Kipimo cha nyuma kisiwe kidogo kuliko cha mbele. Rekebisha skrubu kwanza. Chuma kikiendelea kupotoka kila kinapofungwa, ndipo kipya kinahitajika.

Dukani, hakikisha kwamba chuma kinalingana na urefu wa meza yako, matundu ya reli yake yanaoana na ya meza, na kikifungwa hakitikisiki. Dai risiti na masharti ya kurudisha bidhaa kwa maandishi.

Chuma bora hakichukui nafasi ya kifuniko cha diski wala bamba la kutenganisha mbao lililo nyuma yake. Muuzaji akikushauri uviondoe ili chuma kipya kikae, usikinunue.