Vigae Mchanganyiko vya Jikoni: Dukani Mzigo Mmoja, Mpakani Bidhaa Tatu

Wateja wengi wanaojenga nyumba siku hizi hawataki tena kigae cha aina moja ukutani jikoni. Nyuma ya sinki na jiko huagiza vigae vya kauri, mstari wa mosaiki ya kioo katikati, na wengine huongeza vipande vya mawe. Kwa mfanyabiashara anayevusha mzigo huo mpaka, mchanganyiko huo ni faida akiujua, na hasara asipoujua.

Jina kwenye ankara

Forodha huangalia kigae kimetengenezwa kwa kitu gani, si kitabandikwa wapi. Vigae vya kauri, pamoja na mosaiki ya kauri, vimo katika kifungu cha 6907. Mosaiki ya kioo imo katika 7016. Vigae vya mawe ya asili vimo katika 6802. Kifungu cha zamani cha 6908 kilifutwa mwaka 2017, kwa hiyo usinakili karatasi za miaka hiyo.

Tatizo kubwa ni neno "marumaru". Madukani hutumika kwa kigae chochote kinachong'aa, lakini marumaru halisi ni jiwe. Ankara ikisema marumaru na katoni zikawa na kauri, mzigo utazuiwa kwa maswali. Andika kila aina kwa mstari wake: jina, kipimo, idadi ya katoni na bei.

Cheti cha uasili

Vigae vya kauri hutengenezwa ndani ya Afrika Mashariki, kwa mfano Mkuranga na Chalinze nchini Tanzania, Kajiado nchini Kenya na Kapeeka nchini Uganda. Vikitimiza masharti na kuwa na cheti cha uasili, huvuka bila ushuru wa forodha ndani ya Jumuiya. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani kipo cheti kilichorahisishwa, ila bidhaa lazima iwe kwenye orodha iliyokubaliwa. Kodi za ndani za nchi unakoingiza zinabaki palepale.

Mosaiki iliyotoka China haigeuki kuwa ya Tanzania kwa sababu imenunuliwa Kariakoo. Usiifunike kwa cheti cha kauri.

Hesabu ya kuagiza

Chukua mfano wa nyumba 20, kila ukuta urefu wa mita 3 na kimo cha sentimita 60. Sentimita 45 ni kauri na 15 ni mosaiki. Kauri ni mita za mraba 27. Ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, inakuwa 29.7. Katoni ya vipande 8 vya sentimita 30 kwa 60 ina mita za mraba 1.44, hivyo utahitaji katoni 21. Mosaiki ya shiti za sentimita 30 kwa 30, ikikatwa nusu, ni shiti 5 kwa ukuta. Jumla 100, na 10 za akiba.

Hakikisha katoni zote zina namba moja ya toleo na ya rangi. Ukipungukiwa, katoni utakayofuata ng'ambo huenda ikatofautiana rangi, na mteja ataikataa.

Pima pia unene. Kauri ya milimita 8 na kioo cha milimita 4 havilingani ukutani. Fundi atalazimika kuinua kioo kwa gundi au ubao wa nyuma. Kioo kinachopenya mwanga kinataka gundi nyeupe, kwani ya kijivu huonekana. Jiwe lipakwe dawa ya kuziba vinyweleo kabla ya grauti. Muuzaji anayemweleza mteja haya mapema hupunguza mizigo ya kurudishwa.

Kwa wasafirishaji

Vigae ni vizito: katoni moja ya kauri hufika kilo 20. Lori hujaa uzito kabla ya kujaa nafasi. Kikomo cha Jumuiya ni tani 56 kwa uzito wote, lakini mizani hupima pia kila ekseli, hivyo tandaza mzigo chini kwa usawa. Katoni za kauri zisimame kwa ubavu na zibanwe zisicheze. Shiti za mosaiki zilale, juu, mbali na maji, kwa kuwa gundi ya wavu wake huachia zikilowa.

Kabla ya kuondoka, fungua katoni moja ya kila aina na uilinganishe na ankara. Kosa ni rahisi kurekebisha dukani kuliko mpakani.