Mwalimu na Wino wa Gazeti (2): Nywele za Mzee Jefferies

Wiki iliyopita nilidai kwamba uongo mkubwa juu ya mtu hautembei peke yake. Hutandikiwa kwanza mkeka wa ukweli mdogo mdogo. Leo nautandua mkeka mmoja ambao nyuzi zake zinaonekana vizuri, kwa kuwa ulikwishafika mahakamani. Ni wa Christopher Jefferies, mwalimu mstaafu wa Bristol, Uingereza.

Tarehe 17 Desemba 2010 dada mmoja wa miaka 25, Joanna Yeates, alitoweka mjini humo. Siku ya Krismasi mwili wake ulikutwa kando ya barabara nje ya mji. Alikuwa amekabwa koo. Nyumba aliyokuwa amepanga, mtaa wa Clifton, ilikuwa mali ya Jefferies, ambaye naye aliishi katika jengo hilohilo. Asubuhi ya tarehe 30 polisi walimkamata.

Mzee huyu alikuwa na miaka 65. Alifundisha Kiingereza katika shule ya Clifton College kwa miaka 34 hadi alipostaafu mwaka 2001. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na nywele nyeupe, ndefu, zilizokaa kichwani kwa namna yake. Hadi hapo hakuna hata jambo moja linalohusu mauaji. Lakini waandishi wa magazeti ya udaku walikuwa na kurasa za kujaza, na walichokuwa nacho mkononi ni jina tu.

Wakafanya nini? Wakawatafuta wanafunzi wake wa zamani. Naomba msomaji atulie kidogo hapa, kwa sababu ndipo mwalimu anapotofautiana na mtuhumiwa mwingine yeyote. Fundi seremala akikamatwa, watakaomzungumzia ni jirani zake na wateja wachache. Mwalimu aliyefundisha miaka 34 ameacha nyuma yake maelfu ya watu waliomtazama kila siku wakiwa na umri wa kucheka kila kitu. Walimpa jina la utani, waliiga mwendo wake, walimkasirikia kwa alama mbaya. Sisi wote tuliopita shuleni tuna mwalimu kama huyo, na kwenye mahafali tunamsimulia kwa mapenzi: alikuwa mkali, alikuwa na vituko. Maneno hayohayo yakisemwa siku ya pili baada ya kukamatwa kwake, yanageuka ushahidi.

Ndivyo ilivyokuwa. Gazeti la The Sun lilimpamba Jefferies kwa maneno manne makubwa, ambayo kwa Kiswahili chetu ningeyaweka hivi: wa ajabu, wa kishua, mchafu wa maneno, wa kutia hofu. Uthibitisho wa huo ukishua? Alipenda ushairi. Kwamba aliwaonyesha wanafunzi filamu kuhusu kambi za mauaji za Wanazi kulichukuliwa kuwa dalili ya mtu anayewaza vifo muda wote. Kumpenda Christina Rossetti, mshairi wa karne ya 19 anayesomwa katika shule za Uingereza, nako kukaingizwa kwenye hesabu. Kwa kipimo hicho, mwalimu yeyote wa fasihi anayefundisha tanzia angestahili pingu. Daily Mail lilishughulika na rangi ya nywele. Daily Mirror lilikwenda mbali zaidi, likamwita mchungulia watu madirishani.

Na upande wa pili ulikuwa wapi? Ulikuwa mahabusu. Mtu aliyekamatwa kwa tuhuma za mauaji hapigiwi simu na mwandishi, na hata angepigiwa, wakili wake angemwambia anyamaze. Wakati picha yake ikiuza magazeti nchi nzima, yeye hakuwa na njia ya kujibu hata sentensi moja. Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Dominic Grieve, alitoa onyo siku iliyofuata ile ya kukamatwa kwake kwamba sheria inakataza kuandika mambo yatakayoharibu kesi. Onyo lilipita kama upepo.

Jefferies aliachiwa kwa dhamana tarehe 1 Januari. Hakuweza kurudi kwake. Alihamahama kwa marafiki, akabadilisha hata zile nywele ili asitambuliwe njiani.

Muuaji halisi, wakati huo, alikuwa anafuatilia habari. Vincent Tabak, mhandisi kutoka Uholanzi, alikuwa jirani wa ukuta na ukuta wa marehemu. Akiwa kwao kwa mapumziko, aliwapigia polisi wa Uingereza simu kudai kwamba gari la Jefferies lilikuwa limebadilishwa uelekeo usiku aliotoweka Joanna. Alikuwa akiegemea mlango ambao magazeti yalikwishaufungua. Tabak alikamatwa tarehe 20 Januari, na Oktoba 2011 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Tarehe 29 Julai 2011 magazeti manane yaliomba radhi mahakamani na kukubali kumlipa Jefferies fidia kwa kumkashifu. Siku hiyohiyo mawili kati yake yalitozwa faini kwa kuidharau mahakama: Daily Mirror pauni 50,000 na The Sun pauni 18,000. Kwa kampuni zinazouza mamilioni ya nakala, mimi naziona hizo kuwa nauli.

Sisemi walimu wafichwe. Wapo wanaowadhuru watoto, na mara nyingi ni mwandishi mkakamavu aliyevunja ukimya ambao mkuu wa shule na wazazi waliulinda. Mwandishi huyo ana kazi ya kuandika kwamba fulani amekamatwa, anatuhumiwa hili, anakana au hajasema. Jina la utani na mavazi yake havimo. Hapa Tanzania, Tume ya Utumishi wa Walimu humpa mwalimu mashtaka yake kwa maandishi na nafasi ya kujitetea kabla ya kumwadhibu. Kenya nako tume yao ina utaratibu wa kumsikiliza. Chumba cha habari hakina hakimu, kwa hiyo mhariri ndiye anayepaswa kuuliza: mbona wanafunzi wote mliowahoji wanasema jambo moja?

Maana walikuwapo wengine. Mmoja wa waliofundishwa na Jefferies ni Roger Michell, aliyekuja kuwa mwongozaji mashuhuri wa filamu. Mwaka 2014 aliongoza tamthilia ya televisheni kuhusu mateso ya mwalimu wake, na Jason Watkins, aliyeigiza nafasi ya Jefferies, akatunukiwa tuzo ya BAFTA. Shahidi kama Michell alikuwapo tangu siku ya kwanza.

Polisi waliomkamata, wa Avon na Somerset, nao walimwondolea masharti ya dhamana Machi 2011 bila kutangaza waziwazi kwamba mzee hakuwa tena mtuhumiwa. Walimwomba radhi kwa hilo mwaka 2013.

Wiki ijayo tutakwenda California, kwenye shule ya chekechea ambako kesi ya walimu ilikwisha mwaka 1990 bila hata mmoja kutiwa hatiani, na mwandishi aliyelichambua gazeti lake mwenyewe akapata tuzo ya Pulitzer.