Mtandao Haukupotea, Haujaletwa

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huku kwetu Uyoma, kwenye rasi inayoingia Ziwa Victoria magharibi mwa Kisumu, methali hiyo imegeuzwa: mtaka mtandao sharti apande. Kila mwalimu analijua jiwe lake mlimani, na kila mwanafunzi ana mti wake. Nami, ninayefundisha isimu chuoni na kurejea kijijini kila likizo, ninacho kichuguu changu nyuma ya boma. Hapo ndipo simu hupata uhai na tasnifu za wanafunzi wangu huanza kuingia moja moja, hadi wingu la mvua litande.

Tulikuwa tukilicheka jambo hili. Machi 2020, vyuo na shule zilipofungwa kwa sababu ya Korona, kicheko kilikoma. Tulitakiwa tufundishe kwa njia ya intaneti. Siku ya somo la kwanza, chini ya nusu ya darasa langu waliingia. Usiku nikapokea ujumbe wa mwanafunzi mmoja aliyekuwa kwao kisiwani: "Mwalimu, niwie radhi, mtandao umepotea." Binti huyo alirudi chuoni akiwa nyuma ya wenzake kwa muhula mzima.

Sentensi yake haijaniondoka akilini. Kitenzi "potea" kina tabia ya kumsitiri mtenda. Mbuzi hupotea, ufunguo hupotea, na hakuna anayeulizwa. Aidha, kitu hakiwezi kupotea mahali ambapo hakikuwapo. Sentensi iliyo sahihi ni hii: mtandao haujaletwa. Na madhali kitenzi "letwa" kimo katika kauli ya kutendwa, kinatulazimisha tuulize: haujaletwa na nani?

Swali hili si la darasani tu. Serikali imezihamishia ofisi zake kwenye intaneti. Mwalimu hujaza fomu za TPAD huko, na alama za tathmini za wanafunzi hupelekwa KNEC kwa njia hiyo hiyo. Mtahiniwa wa kidato cha nne huchagua kozi kupitia KUCCPS, na anayehitaji mkopo wa HELB huuombea huko huko. Aliye nje ya mtandao yuko nje ya ofisi. Muda wa kutuma maombi ukipita ilhali yeye angali njiani kuelekea saiba ya mjini, hakuna atakayeuliza kama bodaboda ilikwama matopeni. Vijana nao wanahimizwa wajipatie riziki kwa kazi za mtandaoni, kana kwamba kazi hiyo yaweza kufanywa juu ya mti.

Tuitazame historia kidogo. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika Kisumu mwaka wa 1901. Ilipofika gatini, safari haikuishia hapo. Meli ziliipokea mizigo na kuifikisha katika bandari ndogo kama Kendu Bay na Homa Bay. Mnamo 2009, nyaya za fiba za TEAMS na SEACOM zilitua Mombasa kutoka baharini, nazo nyaya za nchi kavu zikaifikisha intaneti ya kasi Kisumu. Lakini safari hii meli hazikuwapo. Kasi ile imebaki mjini, na sisi wa mwambao tunaitazama kwa mbali kama taa za wavuvi usiku.

Wako waliotaka kuivuka hatua hiyo kwa maputo. Julai 2020, kampuni ya Loon, ndugu yake Google, ikishirikiana na Telkom Kenya, ilianza kutoa intaneti kwa maputo yaliyoelea takriban kilomita 20 angani, juu ya eneo la karibu kilomita mraba 50,000, Kisumu ikiwemo. Kufikia Machi 2021 huduma hiyo ilikuwa imesitishwa. Nayo haikupotea, iliondolewa na wenyewe, kwa kuwa hawakuona njia ya kuifanya biashara ijilipe. Julai 2023 ikaja Starlink, inayotumia setilaiti. Hiyo ni neema kwa mwenye uwezo wa kununua chombo na kulipa kila mwezi, lakini mwanafunzi wangu wa kisiwani si mmoja wao.

Hata hivyo, tunacho kielelezo chetu wenyewe. Katika mwongo uliopita, kituo cha Ekialo Kiona katika kisiwa cha Mfangano kiliwafungulia wakazi kompyuta na intaneti bila malipo, sharti likiwa kupimwa virusi vya UKIMWI kila miezi sita. Kutoka kituo hicho ilizuka pia redio iliyotangaza kwa Olusuba, lugha ambayo imekuwa ikimezwa na Dholuo kwa miaka mingi. Jina lenyewe lina maana ya "dunia nzima". Chombo kimoja kilichotumiwa na wengi kilihudumia afya, elimu na lugha kwa pamoja.

Basi yawezekana. Na mtenda tunayemtafuta anajulikana. Sheria ya 2009 iliunda hazina inayochangiwa na kampuni za mawasiliano, ili huduma zifike pale ambapo biashara haioni faida. Tangu 2021, Mamlaka ya Mawasiliano ina utaratibu wa kuzipa leseni jamii zinazotaka kuendesha mitandao yao. Kilichobaki ni kuanza na shule za visiwani na za mwambao: shule iunganishwe kwanza, na baada ya vipindi milango ifunguliwe kwa kijiji kizima. Shule ndiyo itakayokuwa meli yetu.

Walimu wenzangu, tusiwaachie wahandisi pekee jambo hili. Tuandikie kaunti, tuwaulize wabunge wetu, na tuweke kumbukumbu ya kila siku ambayo shule ilikosa huduma. Na mwanafunzi akija kusema kwamba mtandao umepotea, tumsahihishe kwa upole kama tunavyosahihisha insha. Akishajua kwamba haujaletwa, atajua pia wa kumuuliza.