Nani Anashika Ufunguo wa Mahabusu? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwenye mlango wa kituo cha polisi, pale saa 24 za kwanza zinapokwisha na mtuhumiwa anapandishwa karandinga kwenda mahakamani. Leo tuingie naye. Amesomewa mashtaka, ama amekana, ama ameambiwa asijibu lolote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi yake. Wakili wa Serikali anasimama na kutamka maneno ambayo wanaoshinda kwenye korido za Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, wameyazoea kama adhana: upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine kwa ajili ya kutajwa. Shauri linaahirishwa kwa siku 14. Mtu huyu ambaye sheria inamhesabu kuwa hana hatia, siku hizo 14 azikae wapi, nyumbani kwake au gereza la Segerea?

Mitaani dhamana haieleweki, na haieleweki kwa pande zote mbili. Aliyevunjiwa duka akimkuta mshukiwa kijiweni siku ya tatu anakunywa kahawa, atasema polisi wamekula. Ndugu wa mshukiwa naye huingia kituoni na noti zimekunjwa mfukoni, ingawa Jeshi la Polisi halijachoka kutangaza kwamba dhamana haina malipo. Nigeria maneno hayo hayo yamebandikwa kwenye kuta za vituo, na wenyeji huyasoma wakicheka. Kisheria, dhamana si msamaha na wala si kuinunua kesi. Ni ahadi ya kurudi siku itakayotajwa, na pana kitu au mtu wa kuisimamia ahadi hiyo: fedha, hati ya nyumba, au wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua za mtendaji wa mtaa.

Miaka ya karibuni nchi nyingi zimekuwa zikizifumua sheria zao za dhamana na kuzishona upya. Nikizitazama kwa pamoja naona kwamba kila mageuzi yanapopita, ufunguo wa mahabusu hutoka mkononi mwa mmoja na kuingia mkononi mwa mwingine. Mara uko kwa mwenye fedha, mara kwa hakimu, mara kwa Bunge. Tena yuko mshika ufunguo mmoja ambaye wananchi hawamtazami sana, yaani yule anayekaa ofisini na kuamua kosa gani liandikwe kwenye hati ya mashtaka.

Tuanze Marekani, maana huko jambo hili limeanikwa juani. Kwa muda mrefu majimbo mengi yameweka bei: kosa hili dola kadhaa, kosa lile dola kadhaa. Asiyekuwa nazo huenda kwa mfanyabiashara wa dhamana, ambaye kwa kawaida humtoza asilimia 10 ya kiasi hicho, fedha ambazo hazirudi hata akishinda kesi. Biashara hiyo haipo karibu kote duniani. Ukiiondoa Marekani, utaikuta Ufilipino. Kisa kilichowatoa watu machozi ni cha Kalief Browder wa New York, aliyekamatwa mwaka 2010 akiwa na miaka 16 kwa tuhuma ya kuiba begi la mgongoni. Dhamana yake ilikuwa dola 3,000. Familia haikuwa nazo. Alikaa gereza la Rikers miaka mitatu, sehemu kubwa akiwa peke yake katika chumba cha upweke, hadi mwaka 2013 kesi ilipofutwa bila kusikilizwa. Mwaka 2015 alijiua.

New Jersey ikaachana na fedha kwa kiasi kikubwa kuanzia mwaka 2017, na idadi ya mahabusu ikashuka kwa zaidi ya theluthi ndani ya miaka michache. Illinois ikaenda mbali zaidi. Gavana J.B. Pritzker alitia saini sheria ya kufuta kabisa dhamana ya fedha mwaka 2021; ikapingwa, ikasimamishwa, na Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikaipitisha Julai 2023. Ilianza kutumika tarehe 18 Septemba mwaka huo. Sasa mwendesha mashtaka anayetaka mtu akae ndani lazima apeleke ombi, kwa makosa yaliyotajwa na sheria tu, kisha athibitishe mbele ya jaji, mshtakiwa akiwa na wakili wake, kwamba mtu huyo ni hatari au atatoroka. Wapinzani walitabiri kwamba watuhumiwa wangetoweka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Loyola cha Chicago waliofuatilia mwaka wa kwanza hawakuona ongezeko la wasiofika mahakamani. Hata hivyo siasa haisubiri watafiti. New York, iliyofanya mageuzi yake mwaka 2020, imeyarekebisha mara tatu kwa kelele za wapiga kura, na Agosti 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuyabana kifedha maeneo yaliyoacha dhamana ya fedha.

Msomaji wa Temeke au Kisumu anaweza kusema hayo ni ya Wamarekani. Lakini fedha haziko mbali na sisi. Kwa miaka mingi sheria ya Tanzania ya mwenendo wa makosa ya jinai imesema kwamba kama shauri linahusu mali inayozidi shilingi milioni 10, mshtakiwa aweke mahakamani nusu ya thamani yake, taslimu au kwa mali, na nusu iliyobaki aisainie bondi. Mhasibu anayedaiwa kupoteza milioni 400 anatakiwa awe na milioni 200 ili alale kwake. Kama kweli hakuziiba, atazitoa wapi? Sharti hilo linambana asiye na hatia na kumpa mwizi nafasi ya kujidhamini kwa alichoiba.

Ila kufuli kubwa la Tanzania si fedha. Ni orodha. Kifungu kilichojulikana kwa wanasheria wote kama 148(5) kilitaja makosa ambayo hayana dhamana hata kidogo: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji wa fedha, na mengine. Hapo hakimu hana la kupima. Mshtakiwa awe mgonjwa, awe na wadhamini kumi, awe mzee wa miaka 80, hakimu atasema tu kwamba sheria haimruhusu. Watetezi wa haki za binadamu wamekwenda kortini mara kadhaa. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilibatilisha kipande kimoja cha kifungu hicho. Mwaka 2018, katika rufaa iliyotokana na shauri la wakili Jeremia Mtobesya, mahakama hiyo ilikubali kwamba si haki Mkurugenzi wa Mashtaka azuie dhamana kwa kusaini hati tu. Kisha likaja shauri la Dickson Sanga. Mei 2020 Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu cha 148(5) kuwa kinakiuka Katiba. Furaha haikufika mbali: Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo, na orodha ikabaki.

Nakubali kwamba orodha ina mantiki yake. Hakuna kijiji kitakachotulia kikimwona anayetuhumiwa kuua akirudi shambani kesho yake, na mashahidi wa kesi za unyang'anyi huogopa kwa sababu za kweli. Ninachokataa ni kuchanganya mauaji na utakatishaji wa fedha katika kapu moja. Mauaji yanahitaji mtu aliyekufa. Utakatishaji unahitaji tu karani wa mashtaka aongeze shitaka moja chini ya yale mengine: mtu amekwepa kodi, na fedha ambazo hakuzilipa, kwa kuwa alizitumia, basi amezitakatisha. Ukwepaji wa kodi una dhamana. Sentensi moja ya ziada inaiondoa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa mwandishi wa habari Erick Kabendera. Alichukuliwa nyumbani kwake Dar es Salaam mwishoni mwa Julai 2019. Kwanza alihojiwa kuhusu uraia wake. Siku chache baadaye alifikishwa Kisutu kwa mashtaka ya kushiriki genge la uhalifu, kutolipa kodi ya zaidi ya shilingi milioni 170, na utakatishaji wa fedha. Shitaka hilo la tatu ndilo lililofunga mlango. Desemba mama yake mzazi alifariki. Kabendera aliomba kwenda kumuaga, akakataliwa. Alitoka Februari 2020. Masheikh wa jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar nao walikaa ndani miaka mingi kwa mashtaka ya ugaidi, hadi Juni 2021 Mkurugenzi wa Mashtaka alipoyaondoa. Hawakupatikana na hatia, wala hawakutangazwa kuwa safi. Waliambiwa warudi makwao.

Serikali imekiri kwamba mfumo unaumwa. Marekebisho ya mwaka 2022 yalizuia kufungua mashtaka kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na ripoti ikakabidhiwa Julai. Yote ni mema. Lakini tazama lile neno "isipokuwa": makosa makubwa ndiyo hasa yasiyo na dhamana, kwa hiyo mtu ambaye ucheleweshaji unamwumiza zaidi ndiye aliyeachwa nje ya nafuu. Aprili 2025 mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu alishtakiwa kwa uhaini, na hapakuwa na ombi la dhamana la kubishania.

Kenya walilivunja kufuli la orodha mwaka 2010. Kabla ya hapo mauaji, uhaini na wizi wa mabavu havikuwa na dhamana. Katiba mpya, katika ibara ya 49, ikasema kila aliyekamatwa ana haki ya kuachiliwa kwa masharti ya kadiri, isipokuwa pawe na sababu nzito. Ibara hiyo hiyo inakataza kumweka rumande mtu ambaye kosa lake lina adhabu ya faini tu au kifungo kisichozidi miezi sita. Ufunguo ukahamia kwa hakimu. Hakimu akiwa mwadilifu, huo ni ushindi mkubwa. Akiweka bondi ya shilingi laki mbili kwa mchuuzi wa mboga, tumerudi kwenye lugha ya fedha. Mwongozo wa dhamana na bondi uliotolewa mwaka 2015 ulijaribu kutibu hilo.

Waendesha mashtaka wa Kenya nao wamejifunza njia ya kupitia. Baada ya maandamano ya Juni na Julai 2025, vijana kadhaa walifunguliwa mashtaka chini ya sheria ya ugaidi, ambayo inaruhusu kumshikilia mtu kwa muda mrefu kabla ya kumfungulia kesi kamili. Mwanaharakati Boniface Mwangi alikamatwa Julai mwaka huo huku neno ugaidi likitajwa. Alipofika kortini Jumatatu, ugaidi ulikuwa umeyeyuka; likasomwa shitaka la kumiliki risasi na vitoa machozi kinyume cha sheria, naye akaachiliwa kwa bondi yake binafsi ya shilingi milioni moja. Katiba ilifanya kazi yake, nami naisifu. Lakini kila aliyekuwa akitazama alifahamu kwamba wikendi ile ilitegemea neno lililoandikwa kwenye karatasi ya polisi.

Uganda walijaribu dawa nyingine, ya saa ya ukutani. Katiba yao inasema aliyeshtakiwa kwa kosa linalosikilizwa na Mahakama Kuu peke yake, akikaa rumande siku 180 kabla shauri halijakabidhiwa kwa mahakama hiyo, lazima apewe dhamana. Kwa makosa ambayo mahakama za chini nazo huweza kuyasikiliza ni siku 60. Binafsi naipenda dawa hii kuliko zote, maana inamwadhibu mpelelezi mzembe na si mshtakiwa. Walakini wake ni kwamba shauri likikabidhiwa Mahakama Kuu mapema, hata kama halitasikilizwa mwaka huo, saa inasimama. Rais Yoweri Museveni amekuwa akiipinga dhamana kwa wanaotuhumiwa kuua, na kisa cha mpinzani wake, Dakta Kizza Besigye, kimetuonyesha jinsi saa inavyoweza kuanzishwa upya: alitekwa Nairobi Novemba 2024, akafikishwa mahakama ya kijeshi, Mahakama ya Juu ikasema Januari 2025 kwamba raia hawahukumiwi na wanajeshi, na Februari akaandikiwa uhaini mbele ya mahakama ya kiraia. Siku alizokwisha kukaa hazikumfaa kitu.

Huko Kinshasa saa haipo kabisa kwa wengi. Gereza la Makala lilijengwa kwa watu 1,500. Limekuwa likishikilia takriban mara kumi ya hao, na wengi hawajawahi kuhukumiwa. Septemba 2024, katika jaribio la kutoroka usiku, watu 129 walikufa kwa hesabu ya Serikali yenyewe, baadhi kwa risasi na wengi kwa kukanyagana.

Nimesema Kabendera alitoka Februari 2020, ila sikusema alivyotoka. Hakushinda kesi, wala hakupewa dhamana. Shitaka la kushiriki genge liliondolewa. Yaliyobaki aliyakiri kwa makubaliano na Mkurugenzi wa Mashtaka, akalipa. Utaratibu huo uliingizwa katika sheria zetu mwaka 2019, mwaka ambao Rais John Magufuli aliwapa watuhumiwa wa uhujumu uchumi siku saba wakiri na kurejesha fedha. Mtu ambaye hana dhamana, hajui upelelezi utakamilika lini, na anaambiwa akisaini atalala kwake leo, je, kukiri kwake kuna uzito gani? Hilo, pamoja na hesabu ya fedha zilizokusanywa, ni la wiki ijayo.